Si Chumbani, Si Sokoni

Uliye jikoni, punguza moto kidogo tuzungumze. Uliye ndani ya daladala na unanisikia kwa hisani ya redio ya dereva, mwombe asihamishe stesheni kwa robo saa tu. Na wewe uliye dukani ukingoja wateja, karibu. Wakija wahudumie, kisha urudi, utatukuta hapa hapa.

Mazungumzo ya leo yalianzia kwenye simu. Wiki mbili zilizopita alinipigia binti wa kaka yangu. Ni muuguzi, yuko kwenye zahanati moja huko bara, na mara nyingi hupangiwa zamu za usiku.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Kwema? Mbona usiku usiku?”

“Kwema tu. Shangazi, kwenye simu yangu nina maandishi mengi. Nikiwa zamu, kukitulia, naandika. Naandika kuhusu usiku wenyewe, mvua juu ya bati, paka wa zahanati, mlinzi wa getini. Yamekuwa mengi mpaka simu inalalamika imejaa.”

“Umemsomea nani?”

Kimya. Kisha akasema, “Hakuna.”

“Kwa nini?”

“Nikiyaweka kwenye blogu watasema najianika. Nikiyapeleka gazetini watasema hayana habari ndani yake. Na kitabu, Shangazi, nani atanichapia?”

Basi, msikilizaji wangu, swali la binti huyu ndilo letu jioni ya leo. Kuandika blogu ni kitu gani hasa? Ni kujianika? Ni kuchoma bando? Au inaweza kuwa sanaa, kama mtu anavyosuka ukili au kufuma vitambaa vya makochi?

Nitakupa jibu langu mapema, ili hata ukishuka kituo kinachofuata ushuke nalo. Blogu ni baraza la nyumba.

Fikiria nyumba zetu za pwani. Ndani kabisa kuna chumba. Humo yamo ya siri, na mgeni haingii bila kualikwa. Mbali na nyumba kuna soko, ambako kila kitu kina bei na mwenye sauti kubwa ndiye anayesikika. Katikati ya chumba na soko kuna nini? Kuna baraza. Unakaa mbele ya nyumba yako, kwenye kivuli chako, na mpita njia anakuamkia. Akitaka anaketi, asipotaka anaendelea na safari yake. Hakuna kiingilio.

Sasa rudi kwenye maandishi. Daftari unalolificha chini ya godoro, hicho ni chumba. Kitabu cha dukani na gazeti la mezani, hilo ni soko. Na blogu? Blogu imekaa pale katikati. Si chumbani, si sokoni.

Najua pia kwamba wapo wasikilizaji vijana waliozaliwa wakati mambo haya yameshachuja, kwa hiyo nieleze kidogo. Blogu ni ukurasa wako kwenye intaneti. Unaandika, unabandika, tarehe inajiweka yenyewe. Andiko jipya hukaa juu, ya zamani hushuka chini. Msomaji akimaliza anaweza kukuachia maoni. Basi, ni hivyo tu. Mambo haya yalianza Marekani mwishoni mwa miaka ya tisini, na mwaka 1999 ikatoka huduma ya Blogger, iliyomwezesha hata asiyejua lugha za kompyuta kufungua ukurasa wake.

Kwetu Tanzania moto uliwaka katikati ya muongo uliofuata. Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa kuandika blogu kwa Kiswahili na kuwahimiza wenzake wafanye hivyo. Wapo waliozipa jina zuri, magazeti tando, yaani magazeti ya kwenye utando. Mwaka 2005 mpiga picha Issa Michuzi akafungua yake, na wasomaji wakamwita Ankal. Yeye akawaita wao wadau. Unakumbuka? “Ankal, endeleza libeneke!” Libeneke maana yake ilikuwa kazi hii ya kubandika kila siku bila kuchoka. Mtanzania aliyekuwa ughaibuni, kabla hajaenda kazini kwenye baridi, alifungua kwanza aone nani kaoa, nani kafiwa, na mvua imenyesha wapi.

Nami nilikuwa mmoja wa walioambukizwa. Tulikuwa tunaenda intaneti kafe, tunalipia kwa nusu saa. Kwa kuogopa saa ile ya ukutani, nilikuwa naandika kwanza nyumbani kwenye karatasi, kwa kalamu ya wino, kisha nakwenda kunakili mbio mbio. Niliandika kuhusu Tanga niliyokulia, mtaa wa Ngamiani wenye barabara zilizopewa namba badala ya majina. Niliandika kuhusu baiskeli, mkate wa mofa, na wazee waliokuwa wakicheza bao chini ya mti wa mkungu.

Nilikuwa na wasomaji wangapi? Wasikilizaji, nisiwadanganye. Watatu. Mmoja mwenzangu wa kazini, niliyekuwa nikimlazimisha. Wa pili mimi mwenyewe. Wa tatu sikumjua.

Huyo wa tatu ndiye aliyenifundisha yote ninayowaambia leo. Siku moja niliyakuta maoni yake, mstari mmoja tu. Alisema yuko Maskati, alizaliwa barabara ya jirani, na anauliza: ule mkungu bado upo?

Nikashtuka. Kumbe sikujua! Nilikuwa nimeuandika mkungu wa utoto wangu kana kwamba bado umesimama, na nilikuwa na miaka sijapita njia ile. Nilipokwenda Tanga likizo, nikaenda kuutazama. Haukuwepo. Palikuwa na vibanda vitatu, kimoja cha kuchajia simu, na kisiki kilikuwa kimegeuzwa kiti cha fundi viatu. Nikaketi nikazungumza na yule fundi. Nikarudi nikaandika upya, na andiko lile la pili lilikuwa bora mara kumi kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza lilikuwa ndoto, na la pili lilikuwa na fundi viatu ndani yake.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Nimeandika madaftari mengi maishani. Hakuna daftari hata moja lililowahi kuniuliza kama mkungu bado upo. Daftari linakubali kila kitu. Ukiishia katikati ya wazo, linanyamaza. Ukijidanganya, linanyamaza. Lakini msomaji, hata akiwa mmoja, hata akiwa mbali, anakuuliza. Na ukijua utaulizwa, unamaliza wazo lako. Hiyo ndiyo faida ya baraza. Narudia: faida ya blogu haiko kwenye wingi wa wasomaji. Iko kwenye kule kujua kwamba yupo mtu anaweza kuuliza.

Tukubaliane hapo, kisha tuingie kwenye lawama. Maana blogu ina lawama tatu, na kila mwandishi wa blogu amezisikia. Ya kwanza, unajianika. Ya pili, hailipi. Ya tatu, huo si uandishi. Tuzichukue moja moja.

Tuanze na ya kwanza, kujianika. Je, kuandika mambo yako na kuyaweka watu wayasome ni majivuno?

Nirudi nyuma kidogo, mpaka upande wa Lamu, mnamo mwaka 1858. Kulikuwa na mama akiitwa Mwana Kupona binti Msham. Alikuwa mgonjwa, na ana binti. Akamtungia binti yake utenzi wa beti zaidi ya mia moja, wa wosia: jinsi ya kuishi na Mungu, na mume, na watu. Yawezekana leo usikubaliane na kila alichomwambia binti yule, na hilo ni mazungumzo ya siku nyingine. Lakini tazama jambo moja. Maneno ya mama kwa mtoto, maneno ya ndani kabisa ya nyumba, yalinakiliwa na wengine, yakasomwa, yakahifadhiwa, na mpaka leo yanafundishwa. Nani anasema Mwana Kupona alijianika? Alizungumza na mtu mmoja kwa moyo wake wote, na wengine wakasogea kusikiliza.

Hata hivyo lawama hii haijatoka hewani, nami nina kosa la kuungama. Kuna wakati niliandika kuhusu deni la mjomba wangu. Niliona ni kisa cha kuchekesha, na sikumtaja jina. Nilisahau kwamba mtaani kwetu hakuna mjomba mwingine mwenye pikipiki nyekundu. Habari zikamfikia kwa kinywa cha mdai wake. Hakunigombeza. Alisema tu, “Mwanangu, baraza ni lako, lakini deni lilikuwa langu.” Nikalifuta andiko usiku ule ule. Siri ya mtungi aijuaye kata, wahenga walisema, na mimi nilikuwa kata iliyotoka kwenda kusimulia.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii. Yako unaweza kuyatoa barazani. Ya mwenzako, mwombe kwanza. Na yapo mambo, kama ya binti yangu muuguzi, ambayo hayatoki kabisa: ya mgonjwa hubaki kwa mgonjwa, hata ukimbadili jina, hata ukimbadili kijiji. Binti huyu analijua hilo kuliko mimi, ndiyo maana anaandika kuhusu paka na mlinzi.

Lawama ya pili, hailipi. Hapa vijana wananikaba koo. “Mama, tunaandika, halafu?” Ni kweli. Bando linanunuliwa, na unga unanunuliwa. Wapo wanaopata kitu kutokana na matangazo, lakini wengi hawapati hata nauli.

Swali langu ni hili: tangu lini kazi zote za sanaa zilianza na malipo? Shaaban Robert, ambaye leo tunamwita baba wa fasihi yetu, maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa serikali. Alianza forodhani, akahamia idara ya wanyama, akafanya kazi ofisi ya wilaya pale Tanga, akamalizia kwenye upimaji. Mchana mafaili, usiku kalamu. Kama angesubiri kalamu imlipe ndipo aandike, wewe na mimi tungesoma nini shuleni?

Sisemi kulipwa ni dhambi. Nasema angalia soko lisiingie barazani likakutoa kwenye kiti chako. Umewahi kuona baraza lililogeuzwa kibanda? Mwanzoni panauzwa soda tu. Kisha vocha. Kisha panawekwa kaunta, na wazee hawana tena pa kukaa. Blogu nazo huwa hivyo. Mtu alianza kwa kuandika anachokijua na kukipenda. Akagundua kwamba kichwa cha habari chenye “utashangaa” kinaleta watu wengi. Akaandika “utashangaa” ya pili. Akaandika ya mia. Siku moja anajitafuta ndani ya maandishi yake mwenyewe, hajioni.

Tuje lawama ya tatu, na hii husemwa na walimu na wahariri, watu ninaowaheshimu. Wanasema huo si uandishi, hakuna anayekusahihisha.

Nakubali nusu. Blogu nyingi zina makosa ya kutia aibu. Mtu anaandika “hapana” palipotakiwa “si”, anaweka r palipotakiwa l, na hakuna wa kumshika mkono. Lakini nusu ya pili siikubali, nami nina mashahidi.

Shahidi wa kwanza ni gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 hapa Tanganyika. Ndani yake wasomaji walileta barua na mashairi yao. Walikuwa akina nani? Walimu, makarani, watu wa kawaida wenye kazi nyingine kabisa. Desturi hiyo ikaenea kwenye magazeti yetu. Mmoja anatoa shairi la kuuliza, wa mji mwingine anajibu, wa tatu anawasahihisha wote wawili vina na mizani. Mswahili hakungoja intaneti ili ajue raha ya kuandika na kujibiwa. Kompyuta ilipokuja, ilituletea njia ya haraka ya kufanya tulichokuwa tunakipenda.

Shahidi wa pili yuko Kenya. Mwisho wa mwaka 2007, ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mwanasheria Ory Okolloh alikuwa na blogu yake, Kenyan Pundit, na watu wakaanza kumpelekea habari za yanayotokea walipo. Zikamzidi uwezo. Akaandika pale pale kwenye blogu wazo la kuziweka habari hizo kwenye ramani, ili kila mtu aone. Mafundi wakaitika, na Januari 2008 ukazaliwa mtandao wa Ushahidi, ambao baadaye umetumika katika nchi nyingi duniani. Jina lake ni la Kiswahili, na mwanzo wake ni baraza la mtu mmoja lililokuwa na watu walioketi na kusikiliza.

Kwa hiyo, msikilizaji, lawama tatu na majibu matatu. Unajianika? Toa yako, ya mwenzako mwombe. Hailipi? Mara nyingi hailipi, na bado ina thamani. Si uandishi? Ni uandishi, ukiwa tayari kuulizwa na kusahihishwa.

Lakini nitakuwa sijayatendea haki mazungumzo haya nisipouliza: mbona mabaraza mengi yamefungwa? Ukitafuta leo blogu tulizokuwa tunazisoma miaka ile, nyingi zimenyamaza. Andiko la mwisho ni la miaka mingi iliyopita, na chini yake mdau ameuliza, “Ndugu, umepotelea wapi?” bila kujibiwa.

Sababu ya kwanza ni sheria. Mwaka 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kusajiliwa, na ukijumlisha ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka, ilivuka shilingi milioni mbili. Kwa kampuni ni fedha ya kawaida. Kwa mtu anayeandika kuhusu mkungu, ni kufunga mlango. Jukwaa la mijadala la JamiiForums lenyewe, pamoja na ukubwa wake, lilisimamisha huduma kwa muda Juni mwaka huo. Kanuni hizo zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, kwa hiyo kabla hujaanza, uliza Mamlaka ya Mawasiliano ni yapi yanayokuhusu. Usiende kwa kusikia.

Sababu ya pili ni sisi wenyewe. Tumehamia Facebook, Instagram, TikTok na magrupu ya WhatsApp. Huko kuna watu, kuna kicheko, nami nipo. Lakini huko si barazani kwako. Huko ni gari la matangazo. Linapita na spika, watu wote wanageuka, likikata kona limekwisha. Nani anakumbuka ulichoposti mwezi wa tatu? Wewe mwenyewe unakikumbuka?

Na hata baraza lenyewe lina hatari, ambayo niliijua kwa uchungu. Huduma ya bure niliyokuwa naitumia ilifungwa siku moja. Walituma barua pepe ya kuonya kwenye anwani niliyokuwa nimeshaisahau nywila yake. Maandishi ya miaka miwili yakapotea. Mkungu ukapotea mara ya pili, na fundi viatu akaondoka nao. Kilichonisalia ni zile karatasi za intaneti kafe, za wino, zilizokuwa kwenye sanduku la mama. Kwa hiyo kila unachobandika, weka nakala mahali pengine. Narudia kwa ajili ya aliyekuwa anakuna nazi: weka nakala mahali pengine.

Haya, tumalizie. Nilimwambia nini binti wa kaka yangu?

Nilimwambia mambo manne, na nawe uyachukue kama yatakufaa. La kwanza, chagua siku moja ya wiki, uitunze kama siku ya gulio. La pili, soma kwa sauti kabla hujabandika, maana sikio huona makosa ambayo jicho limeyazoea. La tatu, liache andiko lilale usiku mmoja. Na la nne, usimwandikie “dunia”. Dunia haina masikio. Mwandikie mtu mmoja unayemjua.

Akauliza, “Nimwandikie nani, Shangazi?”

Nikamwambia, “Kwa kuanzia, niandikie mimi.”

Juzi usiku amenitumia kiungo. Blogu yake ina andiko moja tu. Linahusu mlinzi wa getini, na amemwomba ruhusa kwanza. Mlinzi huyo kila saa tisa usiku huchemsha chai ya tangawizi kwenye jiko la mkaa, akawagawia wauguzi, na jamaa za wagonjwa wanaolala kwenye mabenchi. Andiko ni fupi, lina makosa mawili ya herufi, na nililisoma mara tatu.

Kisha nikamwachia maoni, mstari mmoja tu. Nilimuuliza: huyo mlinzi, tangawizi huipata wapi?

Majibu yakaja baada ya dakika chache. “Sijui, Shangazi. Leo nina zamu. Nitamuuliza.”

Rudisha moto wako, uangalie mboga isiungue. Usiku mwema.